Picha ya Bi Zuwena na Bi Mize

Chake Chake, Pemba
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum warahmatullah. Natumai waraka huu utakukuta umeketi barazani na cherehani yako, macho yanaona tundu la sindano na goti limeacha kukusumbua. Kabla sijasema langu nataka kujua lako. Ile dawa ya kuchua umeitumia, au umeificha kabatini ukisubiri goti lipone lenyewe? Mvua zimefika Tabora, au bado mnatazama mawingu yanapita kwenda kwa watu wengine? Na Bibi anakula vizuri?

Mimi mzima, Mama. Mzima wa afya na wa furaha, na ndiyo maana mwandiko wangu leo unakimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Juzi nilikupigia simu nikusimulie, ukaita "haloo, haloo" mara nyingi, mtandao ukakata. Nikasema moyoni, basi, jambo lenyewe halifai kupayukwa. Linataka karatasi. Kaa vizuri, waambie wateja wako wa sare za shule wakupe nafasi kidogo.

Wale jirani wanaokuuliza mpaka leo, "Tatu anafanya nini huko Pemba?" waambie hivi: huku kwenye harusi upande wa wanawake mwanamume haingii na kamera yake, hata awe nani. Bibi harusi amefunguliwa nywele, amepambwa, na shangazi zake wamevua mabuibui wanacheza. Kwa hiyo mpiga picha mwanamke anatafutwa kama mchele wa Mbeya. Bi Salha, mwenye studio, aliniita kwa ajili hiyo, akanipa chumba nyuma ya nyumba yake, na hajawahi kuniacha nilale na njaa. Hayo unayajua. Ambalo hulijui ni kwamba Bi Salha amenunua kompyuta.

Mama! Ilikuja na meli kutoka Unguja, imefungwa kwa magodoro kama mgonjwa. Pamoja nayo kuna skana, mashine bapa ambayo unailaza picha ya karatasi kifudifudi, taa inapita chini yake polepole, na picha inaingia ndani ya kompyuta. Halafu ipo programu ya kuitengeneza: unaikata, unaikuza, unaipunguza, unaing'arisha. Bi Salha aliitazama, akaniambia, "Tatu, miye macho yangu yamechoka. Jifunze weye, unifundishe." Programu yenyewe imejaa Kiingereza. Nilichofanya ni kubonyeza neno moja moja nione linafanya nini, na likiharibu, narudisha nyuma.

Wacha nikueleze kwa lugha yako ya ushonaji. Kukata picha ni kama mkasi, ila mkasi huu unakata pembe nne tu, na kinachobaki nje ya mstari kinapotea. Kukuza ndiyo kazi. Kitambaa ukitaka gauni kubwa unaongeza kitambaa. Picha haina cha kuongeza. Imetengenezwa kwa vinukta vidogo vidogo, na ukiivuta iwe kubwa vinukta haviongezeki, vinavimba, kila kimoja kinakuwa mraba, na uso wa mtu unakuwa kama sakafu ya vigae. Tena lazima uvute urefu na upana kwa pamoja. Mimi siku za mwanzo nilimvuta bwana mmoja upande mmoja tu, akawa na mashavu mapana kama sinia. Bi Salha alicheka mpaka akashika ukuta. Mwenyewe alipokuja kuichukua, kabla sijamwomba radhi, akaitazama akasema, "Hii nzuri. Nimenawiri." Akaondoka nayo.

Basi nikiwa bado najifunza hivyo, akaja Mzee Nassor.

Mzee Nassor ni mtu wa Pujini, mkulima wa karafuu, mrefu, kanzu imenyooshwa pasi hata siku ya kazi. Ukoo wao zamani ulikuwa na mashamba makubwa, asili yao Manga, huko Uarabuni. Sasa wamebaki na mikarafuu ya kuwatosha na heshima yao. Alikuja na binti yake, Raya, mwalimu wa skuli ya msingi, mtoto mpole wa umri kama wangu, amebakiza wiki chache aolewe. Mzee akatoa mfukoni picha iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe, akaiweka mezani.

Ilikuwa picha ndogo, haijazi kiganja, rangi zimefifia zimekuwa kama chai. Wanawake wawili vijana wamesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, wamejitanda kanga sare, siku ya Sikukuu. Wanacheka, dhahiri mmoja amesema neno sasa hivi tu.

"Huyu ndiye mama yake Raya," Mzee alisema, akionyesha kwa ncha ya ukucha. "Zuwena. Kafa huyu mtoto bado mchanga, hata arubaini hajatimiza. Picha yake ni hii moja tu duniani. Sasa mtoto anakwenda kwa mumewe Wete. Nataka aende na mama yake, kwenye fremu, mkubwa, mtu akiingia ukumbini amwone."

"Inshaallah, Mzee. Na huyu wa pili?"

"Huyo mkate."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Nimtoe kabisa?"

"Nshasema, mwanangu. Mkate. Simtaki nyumbani kwangu wala ukutani kwa mwanangu."

Raya alikuwa anatazama sakafu. Wakaaga kwa adabu, wakaondoka, na mimi nikabaki na wale wawili wanacheka mezani.

Kazi nikaianza siku ile ile. Mara ya kwanza skana ilisoma kwa haraka, nikamkuza Zuwena, akatoka vigae vitupu, jicho moja miraba mitatu minne. Nikakata tamaa. Halafu nikagundua, Mama, kwamba skana yenyewe unaweza kuiamuru isome kwa vinukta vingi zaidi! Inakwenda polepole kama konokono, taa inasita sita, lakini inachukua kila kitu. Umeme ulikuwa unayumba, nikawa namwomba Mungu usikatike. Skana ilipomaliza nikamkuza tena. Akaja. Akaja mzima, Mama! Uso uliokuwa mdogo kama ukucha ukajaa kioo cha kompyuta, ukungu kidogo tu, na nikaona alikuwa na mwanya, mwanya ule ule wa Raya, na kishimo shavuni upande mmoja. Nikapiga kelele. Bi Salha akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani nimenaswa na umeme. Tukasimama wote wawili tunamtazama mwanamke aliyekufa miaka yote ile, anatuchekea.

"Subhanallah," Bi Salha akasema. "Raya mtupu."

Nikahifadhi ile ya asili kando, nikatoa nakala, maana hilo nimejifunza: asili haiguswi. Nikaanza kukata. Hapo ndipo nilipouona mkono.

Yule mwanamke wa pili alikuwa amemwekea Zuwena mkono begani. Nikimkata yeye, mkono unabaki: vidole vinne, vimekaa juu ya kanga, havina mwenyewe. Nikasogeza mstari ndani, nikakata bega la Zuwena na nusu ya sikio, akawa kama picha ya kitambulisho. Nikautoa mstari nje, nusu ya uso wa yule mwenziwe ikaingia. Programu ile ina njia nyingine: unachukua kipande cha kanga kutoka mahali pengine unakibandika juu ya usichokitaka, unalainisha kingo. Nikajaribu. Kidole cha kwanza kikafutika, ua la kanga likakaa mahali pake kama vile lilikuwepo tangu dukani. Nilijisifu, nisikufiche. Kidole cha pili kikafutika.

Nilikuwa kwenye cha tatu Raya alipoingia, peke yake, ametoka skuli na madaftari kwapani. Akasimama nyuma yangu. Alimtazama mama yake kwa muda, machozi yakimtiririka bila sauti. Halafu akainama karibu.

"Mkono umekwenda wapi?"

"Nautoa," nikamwambia. "Baba kasema yule wa pili akatwe."

"Unamjua wa pili?"

"Simjui."

Akavuta kiti. Akaniambia, na nakuandikia alivyoniambia.

Yule ni Bi Mize. Yeye na Zuwena walikua pamoja hapo Pujini, wamechezwa unyago pamoja, wameolewa mwaka mmoja. Zuwena alipokufa, Bi Mize alikuwa ana mwana wake mchanga, jina lake Faki. Alimwosha shoga yake kwa mikono yake, akamvika sanda, na maiti ilipotoka nyumbani akamchukua Raya aliyekuwa analia, akampa ziwa lake. "Miye na Faki tumenyonya ziwa moja," Raya akasema. "Mama Mize ndiye alonnyonyesha mpaka nikaacha mwenyewe. Kwa sheria ya dini ni mama yangu."

Kisha vikaja vyama vingi. Mama, yale uliyoyasikia redioni ukanililia stesheni nisipande gari moshi, yalikuwepo kweli. Hayapo kila siku wala kwa kila mtu, lakini hapa kisiwani, wakati wa uchaguzi, yaliingia mpaka jikoni. Mume wa Bi Mize akasimama chama kimoja, Mzee Nassor chama cha pili. Watu wakaacha kununua duka la mtu wa chama kingine. Wakaacha kualikana. Mwisho wakaacha hata kuzikana, jambo ambalo Muislamu halifanyi. Mume wa Bi Mize alipokufa, Mzee Nassor alikaa barazani kwake, jeneza likapita, hakuinuka. Bi Mize akahama Pujini akaenda Mgogoni kwa jamaa zake. Tangu hapo hawajasemezana.

"Umemwalika harusini?" nikamuuliza.

"Nilimwambia baba. Kasema siku Mize atakapopita mlango ule, yeye atatoka kwa mlango wa uani."

Mimi, Mama, mgeni, mtoto wa Tabora, siasa yao hainihusu. Lakini nilitazama kile kidole cha tatu, nusu kipo nusu kimefutika, nikaona nafanya kitu kibaya kwa ustadi mkubwa. Nikarudisha nyuma. Vidole vikarudi, kimoja, cha pili, cha tatu.

Bi Salha aliposikia nataka kumwita Mzee Nassor aje aone kabla sijamaliza, alikasirika. Alikuwa na haki. "Tatu, studio hino wanakuja wa huku na wanakuja wa huko. Nimeilinda kwa kufunga mdomo. Mteja kataka mtu akatwe, weye kata!"

"Nitakata, Bi Salha. Akishaona tu. Akisema futa, nitafuta mbele yake, na picha itatoka safi."

Akanitazama. Mwiko alikuwa nao tena. "Akigomba, utamjibu weye. Miye sipo."

Mzee akaja siku ya pili, bakora mkononi. Nikamketisha mbele ya kompyuta. Nikamwambia, "Mzee wangu, ninazo mbili. Ya kwanza hii." Nikamfungulia Zuwena na vidole begani.

Mama, sijui nikuelezeje. Huyu mzee hajamwona mkewe kwa ukubwa ule tangu amzike. Bakora ilimponyoka. Akasogeza uso mpaka nikaona kioo kinaingia mvuke wa pumzi zake. Akasema, "Ndiye. Ndivyo alivyokuwa akicheka. Wallahi ndivyo."

Nikamwacha. Kisha nikasema, "Huu mkono naweza kuufuta. Haitaonekana kama ulikuwepo. Lakini sikutaka kuufuta bila wewe kuuona kwanza."

Akautazama. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Bi Salha, aliyesema hayupo, nilimwona kivuli chake nyuma ya pazia.

"Mkono huo," Mzee alisema mwisho, kwa sauti ya chini, "ndio ulomwosha. Nilikuwa nje ya mlango. Nikimsikia Mize anamsemesha maiti, anamwambia, 'Geuka kidogo, shoga yangu. Nimalizie mgongo.' Kama mtu yu hai." Akagusa kioo kwa ncha ya ukucha. "Mumewe kafa, sikwenda. Nilikuwa nimekaa, na jeneza nikaliona. Kwa sababu ya bendera."



Akaokota bakora yake, akasimama. Mlangoni akageuka. "Usikate kitu." Akaenda zake.

Kesho yake alirudi asubuhi, hata hatujafagia. Akataka picha kubwa mbili za wote wawili, kama walivyosimama, na ndogo moja ya kuweka ndani ya msahafu. "Moja ya Raya. Moja ya Mize. Ndogo yangu." Nikazitengeneza kwa roho yangu yote. Hiyo ndogo nayo ina ufundi wake, maana picha ukiipunguza sana uso unafifia, unatakiwa uinoe kidogo baada ya kuipunguza. Nilizipeleka kwa muuza fremu, nikamsimamia mpaka akapigilia msumari wa mwisho.

Lakini kumpelekea Bi Mize mwenyewe, Mzee hakuweza. Akatutuma sisi, Raya na mimi. Tukaenda Mgogoni, fremu nimeipakata kama mtoto.

Bi Mize tulimkuta uani, ameketi juu ya mkeka, anachambua karafuu, anatenga tembe na vikonyo, vile vijiti vyake. Mwanamke mnene, kichwa cheupe kwa mvi. Alipomwona Raya hakuinuka. Alifungua mikono tu, na Raya akaanguka humo. Wakalia wee, karafuu zikamwagika. Halafu akanigeukia. "Na huyu?"

"Mpiga picha, Mama. Mtu wa Tabora."

"Tabora! Karibu, mwanangu. Umekuja mbali."

Nikamfunulia fremu. Akafuta mikono kwenye kanga, akafuta tena, kisha akaishika. Hakulia sasa. Alitabasamu. "Nilikuwa nimemwambia Zuwena, mpiga picha kavaa viatu visivyofanana," akasema. "Ndicho alichokuwa akikicheka." Akapitisha kidole juu ya uso wa Zuwena, polepole. "Nani kakutumeni?"

"Baba," Raya akasema.

"Nassor?"

"Ndiye. Kasema harusi ni Ijumaa. Na kasema, mumeo alipokufa yeye hakwenda, na kosa ni lake."

"Mbona hakuja kusema mwenyewe?"

"Kaona haya."

"Na aone!"

Faki, mwanawe, alikuwa amesimama mlangoni, kijana mkubwa, mikono kifuani. Akasema, "Mama, huendi. Walitufanyia nini wale? Tena watu hapa watasema Bi Mize kahama chama."

Bi Mize akamtazama juu mpaka chini. "Faki. Chama ndicho kilichomnyonyesha mtoto huyu?"

Faki akaangalia pembeni.

"Basi. Kuja, ntakuja," Bi Mize akatuambia. "Lakini mwambieni Nassor, kula sili. Chakula cha nyumba ile sili."

Tukarudi na hiyo, nusu furaha nusu msiba. Huku mtu akija harusini asile chakula, ni kama hakuja.

Sasa nikupeleke Ijumaa hiyo ya harusi. Nikah imefungwa msikitini baada ya sala, waume wamerudi, nyumba ya Pujini imejaa udi na asumini hadi kizunguzungu. Upande wetu wa wanawake ni vigelegele na dufu, mimi napanda viti napiga picha, jasho linanitoka. Raya amekaa juu ya jukwaa lake dogo, hina mpaka viwikoni, macho chini kama inavyotakiwa bibi harusi. Kila mlango ukifunguka, naona kope zake zinatikisika. Laasiri ikaadhiniwa. Hakuja. Sinia za pilau zikaanza kuingia. Hakuja.

Halafu mlango ukafunguka, na Bi Mize akaingia, amevaa kanga mpya, chetezo cha udi kinafuka mkononi. Dufu likanyamaza. Mama, chumba kizima cha wanawake wa chama kimoja, na huyu mmoja wa chama cha pili mlangoni. Hakuna aliyemtolea salamu. Mama mmoja mzee akavuta mkeka wake karibu, kama anayeogopa kukanyagwa.

Raya akainuka. Bibi harusi hainuki! Shangazi mmoja akamshika vazi, akajinasua, akashuka, akapita katikati ya masinia na hina yake na dhahabu zake, akampigia magoti Bi Mize, akambusu mikono. Bi Mize akamzungushia udi kichwani, anamsomea dua. Nani alipiga kigelegele cha kwanza sikumwona, nilikuwa silioni tundu la kamera kwa machozi. Lakini kilipigwa, kikafuatwa na cha pili, na dufu likashika.

Wakamketisha pamoja na bibi harusi. Sinia likawekwa mbele yao. Bi Mize akakunja mikono. "Nilisema," akasema kwa upole. "Sili."

Raya akamega tonge la pilau, akalipoza kwa pumzi, akalipeleka mdomoni kwa Bi Mize. "Weye ulinlisha miye kwanza," akasema. "Na hukuniuliza chama changu."

Bi Mize akajikaza, Mama, akajikaza, mdomo umefungwa kama mtoto anayekataa dawa. Kisha kicheko kikamtoka, na kicheko kilipofungua mdomo, tonge likaingia. Nyumba ilitikisika kwa vigelegele!

Jioni, watu wanaaga, nilikuwa mlango wa uani nafunga vifaa vyangu. Mzee Nassor alikuwa amesimama hapo nje, kofia mkononi. Bi Mize akatoka. Wakatazamana.

"Mize."

"Nassor."

"Umezeeka."

"Na weye je? Kwenu hakuna kioo?"

Mzee akainamisha kichwa. "Pole na msiba," akasema. "Wa mumeo."

Miaka yote ile imepita. Bi Mize akavuta kanga yake, akaiweka sawa. "Nshapoa," akasema. "Lakini ahsante." Na Faki, aliyekuja kumchukua mama yake na kukaa mbali chini ya mkarafuu, akaja akampa Mzee mkono. Mzee aliwasindikiza mpaka barabarani.

Sisemi kisiwa kizima kimepona, Mama. Uchaguzi utakuja tena na bendera zitapandishwa. Wapo wanaomsema Bi Mize Mgogoni, na wapo wanaomsema Mzee Pujini. Lakini Jumatano baada ya harusi Mzee alikwenda Mgogoni kwenye maziko ya mtu mwingine kabisa, akasimama safu moja na Faki.

Na kwangu kuna habari. Bi Salha amenikabidhi kompyuta rasmi, na wasichana wawili wanakuja kujifunza kwangu kuanzia mwezi ujao. Watu wanaleta picha zao za zamani kutoka kila upande, mpaka Msuka, kaskazini kabisa. Wanazitoa kwenye masanduku, kwenye misahafu, wananiambia, "Mkuze huyu, lakini na wenziwe waache." Nakuomba ridhaa yako, Mama, nikae mwaka mwingine. Najua ulitaka nirudi baada ya Ramadhani. Ukisema rudi, nitarudi. Lakini omba kwanza, kisha useme.

Nisalimie Bibi, umwambie kwa sauti kubwa sikio la kulia. Nisalimie Kaka Jumanne na shemeji, na mtoto wao kama ameshaota meno. Msalimie mjomba mwenye baiskeli, na mama mdogo wa Ng'ambo, na yule jirani muuza karanga. Mwalimu wangu wa madrasa mpe salamu zangu maalumu, umwambie huku nasali jamaa.

Na una salamu kutoka kwa Bi Mize. Jana alipita studio na kikapu cha muhogo, akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikamwambia yu hai, yuko Tabora, na toka nije huku halali vizuri, anasikiliza redio. Akanishika kidevu, akasema, "Mwandikie. Mwambie azime redio alale. Mwambie huku una mama."

Mwanao akupendaye,
Tatu